Uliza Anti: Jua likitoka Glasgow, mbona watu wanageuka?

Wapenzi wasomaji, safari hii barua zimekuwa za jua tupu, sijui mmeambizana. Nimechagua nne. Ya kwanza ndefu kidogo ila sikutaka kuikata maana dada kaeleza vizuri.

Shikamoo Anti. Mimi dada wa miaka 34, kwetu Temeke ila sasa hivi niko Glasgow, Scotland, mwaka wa pili huu, napiga boksi la kulea wazee na shifti zangu nyingi ni za usiku. Anti nisikufiche, huu mji nilishaukatia tamaa. Toka Oktoba mpaka Machi ni mawingu, manyunyu na upepo, saa kumi jioni giza limeshaingia, watu wameinamisha vichwa kwenye makoti, ukimwambia mtu habari anakuangalia kama unamdai. Jirani yangu wa mlango wa kushoto, mzee mmoja hivi, miezi kumi na sita tunapishana ngazini hajawahi kuvuka neno "aye", ndo ndiyo yao hiyo, anaguna tu anapita.

Sasa juzi mwezi wa tano nimetoka shifti asubuhi nakuta jua limetoka. Jua lenyewe Anti, apu ya simu inasema nyuzi 17! Kwetu nyuzi 17 ni Lushoto na sweta juu. Basi nakuta wanaume wamevua mashati barabarani, dereva wa basi anapiga mluzi, watu wamelala kwenye majani kama dagaa walioanikwa, na yule mzee katoa kiti cha jikoni kakiweka nje ya mlango mkubwa, ananiita, ananiuliza kwetu wapi, kwetu kuna baridi kama huku, mpaka namba ya kibanda cha samaki anachokipenda kanipa. Nikasema hawa wamelogwa au wamelipwa? Nikaingia ndani, nikavuta pazia, nikalala. Naamka jioni bado wako nje wanacheka. Kesho yake hivohivo, siku ya tatu mvua ikarudi na mzee naye akarudi kwenye "aye" yake.

Swali langu: jua linafanya nini kwenye vichwa vya hawa watu? Na mbona mimi niliyekulia juani sisikii kitu, yaani siku kama hizo ndo nazidi kununa?
*Aliyeshangaa, Glasgow*

Marhaba mdogo wangu. Umenichekesha na dagaa wako, ila umenikumbusha mbali pia, maana huo mji mimi nimeukaa miaka minne, nasoma mchana naosha masufuria usiku. Siku yangu ya kwanza ya jua kule unajua nilifanya nini? Nilitoka na mwavuli. Wa jua! Nikashuka Kelvingrove Park na mwavuli wangu mweusi nimejikinga kama mama anayetoka sokoni Kariakoo saa saba mchana, watu mia kadhaa wamelala chali wanaota jua na mimi napita katikati yao na kivuli changu cha kutembea nacho. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kwani mvua inanyesha? Mama akanyoosha kiganja kabisa kuhakikisha.

Nimekupa hicho kisa kwa sababu jibu la swali lako la pili limo humo ndani, nitalirudia.

Kwanza muelewe huyo mzee wako. Glasgow iko juu kwenye ramani, karibu nyuzi 56 kaskazini ya ikweta, yaani usawa wa Moscow, ni vile tu bahari ya Atlantiki inawapunguzia baridi. Disemba jua linachomoza saa tatu kasoro robo asubuhi na saa kumi kasoro robo jioni linazama, na hayo masaa saba yenyewe mengi yako nyuma ya mawingu, mwezi mzima wa Disemba jua lenyewe lenyewe wanaliona chini ya masaa 50 ukijumlisha yote. Na watu wanadhani Glasgow kuna mvua nyingi kuliko kwetu, wapi! Dar na Glasgow zote kwa mwaka zinapata zaidi ya milimita elfu moja, tofauti ni namna ya kumwaga. Dar inamwaga masika na vuli, inafurika Jangwani, inamaliza, watu wanaanika magodoro maisha yanaendelea. Glasgow inadondosha vitone siku zaidi ya 150 kwa mwaka, hainyeshi ukasema imenyesha na haiachi ukasema imeacha. Wana neno lao kwa hali hiyo, "dreich", hiyo ch ya mwisho itamke kama kh ya Kiarabu na koo likwaruze kidogo, ukilisema tu tayari umeshanuna.

Sasa mtu ametoka kwenye miezi sita ya dreich, halafu ghafla mwezi wa tano, ambao kwao ndo mwezi wenye jua kuliko yote, mawingu yanafunguka. Unategemea abaki na shati? Hata hiyo ya kuvua mashati ina jina, "taps aff", yaani mashati chini, wanaulizana kabisa leo ni taps aff au bado, na jibu halitegemei kipimajoto, nyuzi 15 inatosha kama upepo umetulia. Jioni wanarudi nyumbani wamekuwa rangi ya kamba aliyechemshwa. Wanajua wataungua, kila mwaka wanaungua, ila yule mtu anakwambia kesho halitakuwepo. Na kweli kesho halipo.

Upande wa kichwa sasa, maana umeuliza linafanya nini. Mwanga ukiingia jichoni haukusaidii kuona tu, kuna chembe hai nyuma ya jicho kazi yake ni kuuambia ubongo hii ni mchana, na ubongo ukipata hiyo taarifa unaacha kutoa melatonini, ile homoni ya usingizi. Chumbani kwako na taa imewaka unapata laksi mia mbili tatu hivi, laksi ndo kipimo cha mwanga, nje siku ya mawingu ni maelfu, na jua kali la mchana ni kama laki moja. Kwa hiyo hao watu miezi sita ubongo wao unaambiwa ni alfajiri ni alfajiri, halafu siku moja unaambiwa kumekucha! Kuna utafiti wa Australia, mji wa Melbourne, ulitoka 2002, waliwapima wanaume 101 wazima wa afya kwa damu inayotoka kichwani, wakakuta serotonini, kemikali inayohusika sana na hali ya moyo, ubongo unaizalisha kidogo zaidi kipupwe na inapanda kufuatana na masaa ya jua la siku hiyohiyo. Sio la jana. La leo.

Na hili utalipenda. Aliyeongoza kazi ya kuandika mwaka 1984 kwamba huzuni ya majira ya baridi ni ugonjwa unaoeleweka na kutibika kwa mwanga ni daktari Norman Rosenthal, na huyo ni mzaliwa wa Johannesburg, kahamia Marekani kikazi, kafika New York, kipupwe kikamkuta akajiona anazama, nguvu hana, na majira yalipogeuka akarudi kawaida. Yaani ni Mwafrika mhamiaji kama wewe ndo kawashtua wenyeji kuwa jamani hii kitu ipo. Wenyewe walishaizoea, samaki hawezi kukwambia maji yamelowa.

Haya, kwa nini wewe husikii kitu? Mdogo wangu, umevuta pazia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa kazi 2005, wakakuta hali ya hewa nzuri ya masika ya kule, yaani baridi inapoisha sio mvua zetu, inamfurahisha mtu aliyekaa nje zaidi ya nusu saa, lakini aliyebaki ndani siku hiyohiyo nzuri moyo wake ulishuka badala ya kupanda. Ulishuka! Ndo wewe huyo umelala unasikia vicheko vya watu dirishani. Nyumbani tumefundishwa jua linakimbiwa, ukifika kwa mtu unakaribishwa kivulini chini ya mwembe, mtoto akicheza juani anaitwa ndani atapata homa, basi tunaenda nalo mpaka Glasgow tunavuta mapazia kwa mazoea wakati jua la kule halikuchomi la kukuua, hasa asubuhi na jioni.

Sikwambii utoke shifti ukakae bustanini, hapana, mwanga wa asubuhi utakunyima usingizi na usiku una wazee wa kugeuza. Lala kwanza, tena pazia liwe zito. Ila ukiamka saa tisa, saa kumi jioni, kule mwezi wa tano na wa sita ndo kwanza una masaa sita ya jua mbele yako. Oga, funga kitambaa, toka. Usitafute shughuli, wenyewe hawana shughuli, kaa kwenye majani tu. Gari la aiskrimu likipita linapiga muziki wake nunua koni ile wanayochomeka kipande cha chokoleti, aiskrimu kule ni nzuri kwelikweli kwa sababu kuna familia za Kitaliano zilihamia tangu karne ya 19 zikajikita kwenye biashara hiyo. Utaona vijana na makopo ya bia, wewe usijaribu, sheria ndogo za jiji zinakataza pombe sehemu za wazi, polisi akipita anamwaga na faini juu.

Kingine, na hiki ni cha afya sio cha mchezo. Ngozi yetu nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza vitamini D, na kule toka Oktoba mpaka Machi jua halina nguvu ya kuitengeneza kabisa hata ukikaa nje uchi. Ushauri wa afya wa Uingereza ni maikrogramu 10 kila siku miezi hiyo, na kwa watu wa ngozi kama yetu wanasema tufikirie kumeza mwaka mzima. Hivyo vidonge sio bei, nunua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Glasgow hiyohiyo ilibidi ifanye kampeni ya kugawa vitamini D kwa watoto wa familia zilizotoka Asia kwa sababu walikuwa wanapata matege, kwa hiyo kama una mtoto au utamleta usipuuzie. Na kama huko kununa kunaendelea wiki na wiki, hulali, huli, hutaki simu za nyumbani, nenda kwa daktari wa mtaani kwako umwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Scotland dawa za kuandikiwa na daktari ni bure.

Na mzee mwache na "aye" yake. Huyo hajakuchukia, anasubiri jua. Likitoka tena shusha na wewe kiti chako cha jikoni uweke pembeni ya chake.

Anti mambo. Toleo lililopita ulimshauri msomaji wa Oslo akae juani kila akipata nafasi, ukasema jua linainua moyo. Mimi niko Mwanza, jua tunalo mwaka mzima, ila panda daladala saa nane mchana uone sura za watu. Furaha iko wapi? Au jua la wazungu ni tofauti?
*Mwenye Jua Lake, Mwanza*

Poa. Swali zuri hili japo naona umekuja kunichokoza. Jua ni lilelile, tofauti ni kuzoea. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Schkade na Kahneman, huyu wa pili baadaye akapata Nobel ya uchumi, waliwauliza wanafunzi wa California kwenye jua na wanafunzi wa majimbo ya katikati kwenye baridi, kila mtu maisha yako unayaonaje? Wakalingana. Halafu wakawauliza unadhani watu wa wapi wana furaha zaidi? Wote, hata wale wa baridi, wakasema California. Yaani jua unalihesabu ukiwa huna, ukishakuwa nalo unahesabu foleni, kodi ya nyumba na konda aliyekuibia chenji.

Kuna wengine wawili, Hirshleifer na Shumway, 2003, wakaangalia masoko ya hisa ya miji 26 duniani toka 1982 mpaka 1997, wakakuta asubuhi ikiwa na jua bei za hisa zinaelekea kupanda siku hiyo. Hisa, pesa za watu wazima na tai zao! Ila sikiliza walichopima, ni jua lililozidi kawaida ya mji huo kwa wiki hiyo. Sio jua tu. Kwa hiyo Mwanza jua la Januari sio habari kwa mtu, lakini mvua ikipiga siku nne mfululizo halafu ya tano pakakauka, angalia pale Kamanga ferry watu wanavyoongea kwa sauti, mama wa samaki anakuongezea wa bure. Si umeshaona hiyo? Ndo Glasgow hiyo, ila ya nusu saa.

Na daladala saa nane mchana tafadhali, hilo sio jua, hiyo ni oveni. Hata wale wa Michigan walikuta joto likizidi kiangazi moyo unashuka.

Anti, shikamoo. Nimepata nafasi ya kusoma Glasgow, naondoka Septemba nikitokea Morogoro. Nibebe nini, na hiyo huzuni ya giza nitaikwepaje?
*Msafiri*

Marhaba, na hongera. Usibebe mwavuli, nimeshakwambia yaliyonipata, na hata wa mvua upepo wa kule unaugeuza kama ua siku ya kwanza. Koti lenye kofia, linunue kulekule, maduka ya mitumba ya hisani yamejaa. Beba pilipili, beba kanga, beba uvumilivu.

Septemba utakuta mwanga bado upo utasema mbona Anti kanitisha, subiri Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanaporudisha saa nyuma, hapo jioni inakatwa kama kwa panga. Fanya hivi: kila siku mchana, hata mawingu yakiwa yameshuka mpaka mabegani, toka nje nusu saa, nimeshasema hapo juu nje kwenye mawingu kuna mwanga mara nyingi zaidi ya ndani. Ukiwa na hela kuna taa maalumu za laksi 10,000, unakaa nayo mezani nusu saa asubuhi ukinywa chai. Huna hela, shuka kituo cha Hillhead kwa ile treni yao ya chini ya ardhi, ndogo kama ya kuchezea, inazunguka duara moja tu toka mwaka 1896, tembea mpaka Botanic Gardens, kiingilio hakuna, ingia nyumba ya vioo ya Kibble Palace. Ndani kuna mikangaga mirefu kama minazi na hewa ya unyevu. Mimi Januari nilikuwa naenda pale nafumba macho navuta pumzi najidanganya niko Amani, kule kwenye misitu ya Usambara.

Na jua la kwanza likitoka, labda Machi hivi, usiseme kesho. Mimi nilisema kesho, nilikuwa na kazi ya mwalimu nimalizie, mvua ikaja siku kumi na moja. Kazi yenyewe nikapata C.

Anti, naomba hekima zako. Mke wangu yuko hukohuko Scotland kwa masomo, mimi niko Tanga na watoto. Mwezi wa sita huu nampigia video saa tano usiku, huku giza totoro hata mbwa wamelala, yeye ananiambia kwao ni saa tatu usiku na anajiandaa kulala, lakini nyuma yake dirishani naona jua linawaka kama saa tisa alasiri na watoto wanacheza mpira. Saa tatu gani ya usiku yenye jua? Anti, nadanganywa?
*Mwenye Mashaka, Tanga*

Shemeji, pole, ila nimecheka mpaka mhariri kaja kuangalia. Hudanganywi. Kiangazi kule wako nyuma yetu masaa mawili, kwa hiyo saa tano yako ni saa tatu yake sawasawa, na mwezi wa sita jua la Glasgow linazama saa nne usiku na dakika chache, halafu saa kumi na nusu alfajiri limerudi tena limejaa dirishani. Waislamu wa kule Ramadhani ilipoangukia mwezi wa sita walikuwa wanafunga kama masaa 19, muulize mtu yeyote aliyekuwepo 2015 au 2016 atakusimulia ile futari ya saa nne.

Kosa sio la mkeo, ni la saa yetu. Sisi Waswahili saa tunaihesabu kwa jua, likichomoza tu tunaanza kuhesabu asubuhi, likizama tunaanza usiku, na kwetu karibu na ikweta halijawahi kutuangusha. Ipeleke hiyo saa Glasgow inachanganyikiwa, unajikuta unasema "saa tatu usiku" umekunja macho kwa mwanga. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa sijui nile chakula cha mchana au daku.

Yeye ndo wa kuonewa huruma, maana majirani hawalali, wako nje wanachoma nyama, mpira unagonga ukuta, na kesho ana mtihani. Mtumie hela ya pazia zito jeusi. Na ukimpigia tena Disemba kwake ikiwa saa kumi jioni, utamkuta kakaa gizani kawasha taa, usije ukaniandikia tena kwamba sasa analala mchana.